Watoto wa Rubeus na Tunda la Kileleni

Siku niliyofika katika nyumba hii ya Ihanda naikumbuka kwa baridi yake, mwanangu. Ilikuwa Juni, ukungu umelala shambani, hatoki mtu wala mnyama, na mimi nilikuwa msichana mwembamba niliyevaa gauni la mikono mifupi, kwa kuwa huko Kitwe nilikotoka hakuna aliyeniambia kwamba kwa baba kuna baridi. Mama mmoja mfanyabiashara alinivusha mpaka kutoka Nakonde, tukapita Tunduma, akanishusha kando ya barabara na kuninyooshea kidole njia ya udongo. "Nenda mpaka uone mibuni mingi na mzee anayeongea peke yake," alisema. "Huyo ndiye babu yako." Alisema kweli. Nilimkuta Babu anatembea katikati ya mibuni, anaiongelesha kwa Kilatini.

Nayaeleza haya leo kwa sababu jana niliwasikia, wewe Neema na wenzako mliokuja likizo kutoka Tunduma. Mlikuwa jikoni mnamwigiza Fiston. "Nilikuya, nilikuya," mnarudia, mnacheka mpaka maharage yakaungua. Nimezeeka magoti, masikio bado. Mnajua kijana huyo amefika wiki iliyopita kutoka Lubumbashi, anasema babu yake alikuwa mtoto wa baba yangu. Mnajua pia kwamba kesho ukoo unakaa kuamua kama apewe sehemu shambani au afungiwe chakula cha njiani arudi alikotoka. Baba yako amekwisha kusema lake: kijana hana ushahidi, na Kiswahili chake si cha kwetu. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba hii sasa, na kesho nitaulizwa. Kabla sijaulizwa na wakubwa, nataka ninyi wadogo mjue jibu langu linatoka wapi. Endeleeni kuchambua kahawa, mikono haihitajiki katika kusikiliza.

Baba yangu, Isaka, alikuwa mtoto wa kwanza wa Babu. Alivuka mpaka akiwa kijana kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba, kama vijana wengi wa huku walivyofanya, akaaga kwamba atarudi msimu ujao wa kahawa. Misimu ikapita. Alizunguka huko, hata upande wa Kongo alifika, mwisho akatulia Kitwe, akamwoa mama yangu aliyekuwa Mbemba, wakanizaa mimi. Kifua kilipomchukua baba, mama alinifungia kitenge na blanketi, akaniambia mtoto wa mtu hapotei njia ya kwa baba yake. Yeye mwenyewe alirudi kwa dada zake. Hakuwa na namna, na sijawahi kumlaumu, ingawa siku zile za mwanzo nilimlilia sana.

Basi nilipofika mbele ya Babu nilipiga magoti, nikapiga makofi ya taratibu kama nilivyofundishwa, nikasema, "Mulishani mukwai." Hiyo ni salamu ya Kibemba, tena ya heshima kamili, anayopewa mtu mzima. Binamu zangu wakaangua kicheko. Tamali, binti wa baba yangu mdogo, aliuliza kwa sauti kama huyu mtoto anaumwa. Babu aliniitikia kwa Kibemba chake cha kuungaunga na kuniwekea mkono kichwani. Lakini Baba Mdogo Samweli alisimama na kapu lake la kahawa, akanitazama kuanzia utosini mpaka kwenye nyayo.

"Kaka Isaka alikuwa mweusi ti," alisema, "na huyu ni mwekundu. Tumepata mgeni. Apewe chai."

Nilipewa chai. Na kesho yake nikapewa chai. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na watu hulisema hilo kumtania mgeni asiyetaka kuondoka. Mimi, mwanangu, jembe lenyewe nililitamani. Nilikaa kwenye benchi la wageni nikiwatazama wenzangu wakienda shambani, na sijawahi kuona chai chungu kama ile, japokuwa sukari ilikuwamo.

Lazima ujue desturi ya nyumba hii, maana ninyi mmekua mjini na baba zenu hawana muda wa kuwaeleza. Hapa kwetu, mtoto akishajua kutofautisha tunda bivu na bichi, hupewa mstari wake wa mibuni. Anaupalilia mwenyewe, anaupogoa mwenyewe, anauchuma mwenyewe. Siku ukoo unapokaa kuzungumzia shamba, mwenye mstari husema neno lake hata kama bado anatokwa kamasi. Asiye na mstari huleta maji ya kunawa. Baba yangu alikuwa na mstari wake, ule unaopakana na kijito. Alipoondoka, Baba Mdogo Samweli aliutunza kwa niaba yake, mwaka kwa mwaka, mpaka ile niaba ikasahaulika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto, na ardhi ilikuwa ileile. Ila aliponiona mimi pale njiani na kitenge changu, aliuona mstari ule unasimama na kuondoka, ndiyo maana ulimi wake ulikuwa mkali.

Siku nilipoomba kwenda kuchuma, walinipa kapu wakaniacha. Hakuna aliyenionyesha. Kitwe nilijua mahindi na mapera, kahawa nilikuwa sijawahi kuiona ikiwa mtini. Nikashika tawi, nikaliburura kwa kiganja kutoka shinani hadi nchani, kila kitu ndani ya kapu: mekundu, ya manjano, mabichi, na majani. Nikajaza kapu kabla ya wote nikajiona hodari. Haraka haraka, unajua mwisho wake. Jioni, matunda yangu yalipomwagwa kwenye mashine ya kumenyea pamoja na ya wengine, mabichi yakagoma kumenyeka, yakaziba mashine, na kahawa ya siku nzima ikatoka imechubuka. Baba Mdogo aliifungua mashine kimya kimya, akaanza kuyatoa moja moja kwa kidole.

"Mtoto wa Isaka angezaliwa anaijua kahawa," alisema.

Hakuna mtoto anayezaliwa anaijua kahawa, hata mimi nilijua hilo. Lakini wenzangu walicheka, na kicheko cha watu wengi humfanya mtu aone haya hata kwa jambo lisilo lake. Kuanzia hapo nilifunga mdomo. Wakinisalimu naitikia kwa kichwa. Wakiniuliza nataka ugali, nanyoosha mkono. Nilijiambia kama maneno yangu yanawachekesha, basi hawatayapata, na moyoni nilianza kuhesabu nguo zangu kwa safari ya kurudi, ingawa kwa kurudi hapakuwa na mtu aliyekuwa akinisubiri.

Babu aliniacha nivimbe siku kadhaa. Alikuwa mtu wa subira. Ujanani alisoma seminari, akafika karibu kabisa na upadri, kisha akamwona Bibi kwenye sherehe ya misheni na upadri ukaishia hapo. Alikuwa akisema Mungu alikwisha kumsamehe, ila Bibi ndiye aliyekuwa akimkumbusha. Upadri ulimtoka, Kilatini kikabaki. Akiwa shambani alikuwa akigusa tunda bichi na kulitaja jina, akigusa bivu na kulitaja jina, kama mchungaji anavyowaita ng'ombe wake. Bivu aliliita rubeus, maana yake chekundu. Wajukuu walizoea. Mimi nilidhani ni lugha ya huku.

Asubuhi moja yenye jua tulikaa wote kando ya vichanja vya kuanikia, kama mlivyokaa sasa, tunachambua kahawa mbovu na nzima. Baba Mdogo alikuwapo. Babu alichukua tunda bivu, akaliweka katikati ya kichanja mahali kila mtu alipoliona.

"Nilipokuwa seminari," alianza, "mapadri wetu walitoka nchi mbalimbali, na kila mmoja alikuja na lugha ya kwao. Mwalimu wa Kilatini alitufundisha kuwa hii rangi ni rubeus. Nikaishika. Siku moja nikamsikia padri Mfaransa anaitaja divai yake, anasema rouge. Nikaona hilo ni jamaa wa rubeus, uso unafanana kidogo, nikafurahi. Siku nyingine padri Mhispania akamtania bruda mmoja, akamwita rubio. Sasa yule bruda nywele zake zilikuwa za manjano, kama ndevu za mahindi yaliyokauka. Wapi na wapi na wekundu? Nikacheka kwa sauti. Nikasema padri huyu rangi hazijui. Mwalimu wetu akanitazama, akafunga kitabu, akaniambia, 'Usicheke neno kabla hujauliza ni mtoto wa nani.'"

Babu akatueleza habari yote, polepole, mkono wake ukiendelea kuchambua. Alisema neno rubeus lilizaliwa huko Roma, kisha likasafiri na askari na wafanyabiashara na watu waliooa ugenini, kama watu wa hapa wanavyosafiri. Mama wa maneno hayo, Kilatini, siku hizi hana kijiji. Hakuna mtoto anayemwomba mama yake uji kwa Kilatini. Lakini watoto wake wako hai. Aliyekwenda Ufaransa aliitwa rouge, akabaki na wekundu wote, wa divai na wa damu. Aliyekwenda Hispania akawa rubio, akapewa kazi ya kutaja nywele za manjano. Aliyefika Ureno akawa ruivo, naye akapewa nywele nyekundu kama moto. Kila mmoja alifanya kazi aliyoikuta alikofika.

"Na pale Roma penyewe?" Tamali aliuliza.

"Ukienda leo kwa Waitalia," Babu alisema, "kitu chekundu wanakiita rosso. Huyo si mtoto wa rubeus. Ni wa ukoo uleule, lakini ni mtoto wa baba mdogo. Yeye ndiye aliyebaki nyumbani na kuilinda nyumba. Hakuna ubaya kubaki nyumbani, Samweli. Mwenye kubaki ndiye anayezima moto paa likiungua. Ubaya ni kusimama mlangoni na kuwaambia watoto wa waliotoka kwamba baba yao hakuzaliwa hapa."

Sikuelewa kila neno, Kiswahili changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini niliona uso wa Baba Mdogo umebadilika, nikapata furaha kidogo ya kitoto. Furaha haikudumu, kwa sababu Babu alinigeukia mimi, akasema kwa Kibemba chake kibovu ili nisipate pa kujificha.

"Na wewe Esta. Rouge hakufunga mdomo kwa sababu Roma hawamwelewi. Tangu umefika unatuadhibu kwa kimya. Unataka tukujue kwa njia gani, kwa kunusa? Sema kwa lugha uliyonayo. Watakaocheka wacheke, mwisho watachoka. Na wakikufundisha lugha yao, ipokee, haitaifukuza ile ya mama yako."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilidhani Babu yuko upande wangu, kumbe alikuwa upande wa nyumba. Nimewahi kukaripiwa na watu wengi baadaye, hata mwenyekiti wa kijiji, lakini hakuna karipio lililonikaa kama lile.

Baba Mdogo alinyanyuka, akapangusa mikono. Hakukasirika, nampa haki yake. "Hayo ni maneno, baba," alisema. "Mazuri, lakini ni maneno. Mibuni si maneno. Kesho akija mwingine na lugha nyingine aseme naye ni wa Isaka, tutagawa shamba mpaka libaki ukubwa wa mkeka. Nioneshe kitu cha Isaka ndani ya mtoto huyu, kitu kimoja, nami nitanyamaza."

"Umesema kweli," Babu alimjibu. "Na mimi nakisubiri."

Siku hiyohiyo Tamali alinifuata kwenye kijito. Hakuniomba msamaha, wasichana wa umri ule hawajui kuomba msamaha, ila aliniuliza kwa Kibemba maji yanaitwaje. Nikamwambia. Akaniambia kwa Kinyiha cha hapa kwetu, halafu kwa Kiswahili. Tukaenda hivyo mpaka ndoo zikasahaulika. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchuma, jinsi ya kulizungusha tunda kwa vidole viwili bila kuvunja kikonyo, na kuliacha lenye umanjano lisubiri zamu yake. Urafiki wetu ulidumu mpaka alipofariki, na mpaka leo nikichota maji namkumbuka.

Zamu ya kuchuma ilipofika tena, nilipangiwa mstari wa kati. Safari hii sikukimbia. Nilichuma mti mmoja mmoja, mekundu tu, kapu likajaa taratibu. Baba Mdogo alipita nyuma yetu kukagua. Akafika kwenye miti yangu, akasimama. Akarudi nyuma mti mmoja, akatazama, akarudi mwingine.

"Esta," aliita. "Umebakiza."

Nilikuja mbio. Alikuwa ananyoosha kidole juu. Kileleni mwa kila mti niliochuma palikuwa na tunda moja, bivu kabisa, linaning'inia peke yake. "Haya hukuyaona, au ni uvivu?" aliuliza.

"Niliyaona, baba," nilisema. Kwa Kiswahili nilichokuwa nacho nilimweleza kwamba huko Kitwe tulikuwa na mpera mmoja uani, na Tata, yaani baba yangu, alinikataza kuumaliza. Kila tukichuma mapera alikuwa akisema, "La juu liache." Nilikuwa mdogo, sikuwahi kuuliza. Nilidhani watu wote duniani huacha la juu.

Baba Mdogo alisimama pale mkono wake ukiwa bado juu. Kisha akamwita Babu, sauti imebadilika, akaniambia nirudie. Nikarudia. Babu alitafuta mahali pa kukaa, akakaa chini kwenye majani makavu, mzee mwenye suruali safi, akafunika uso kwa kofia yake. Nilijua analia kwa jinsi mabega yalivyotikisika, nami nikaogopa kwamba nimeharibu tena.

Kumbe ilikuwa hivi. Mama yake Babu, aliyepanda mibuni ya kwanza katika shamba hili, ndiye aliyekuwa akiacha tunda moja kileleni. Aliwafundisha wanawe, nao wakawafundisha wana wao. Kisha bwana shamba akaja akasema matunda yakibaki mtini yanafuga wadudu, watu wakaanza kumaliza yote, na Baba Mdogo mwenyewe alikuwa ameacha desturi ile zamani hata akaisahau. Katika Ihanda nzima hapakuwa na nyumba nyingine iliyoifanya. Isaka aliibeba hadi Kitwe, mahali pasipo na mbuni hata mmoja, akaiweka kwenye mpera.

"Ni la nani lile tunda?" niliuliza, maana sasa nilikuwa na ruhusa ya kuuliza.

"La atakayechelewa," Babu alisema. "Mama yangu alikuwa akisema hakuna siku ambayo watu wote wa nyumba hufika shambani kwa wakati mmoja. Yuko aliye safarini, yuko mgonjwa, yuko aliyepotea njia. Akifika akute hakusahauliwa."

Kesho yake kabla ya chai Baba Mdogo Samweli alinigongea mlango. Alikuwa na jembe mkononi, jembe la zamani, mpini umelainika kwa viganja. Alinipeleka hadi kando ya kijito na kunionyesha mstari wa baba yangu, kuanzia mbuni wa kwanza hadi wa mwisho. "Una magugu," alisema. "Mwaka huu sikuutendea haki." Akanikabidhi jembe, akaenda zake. Nilipalilia siku ile mpaka mikono ikatoka malengelenge, na nilikuwa na furaha ambayo sijui kama nimewahi kuipata tena, hata siku ya harusi yangu, na babu yako alikuwa mwanaume wa kupendeza.

Sasa turudi kwa Fiston.

Mwanangu, najua baba yako hataki ubaya. Anasema maneno yaleyale ya Baba Mdogo, na yana maana yake: shamba halikui, watoto wanaongezeka. Naye kijana huyu hana tunda la kileleni. Asubuhi ya leo nilimchukua nikaenda naye kando ya kijito, nione mwenyewe. Akapiga magoti kunisalimu, kwao pia wanajua kupiga magoti, akashika tawi, akaliburura lote kwenye kiganja kama nilivyofanya mimi. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Nikamsimamisha, nikamwonyesha tunda bivu. Akalitazama, akasema, "Ah, nkambo, beko rouge tu?" Alikuwa ananiita bibi na kuniuliza kama tunachuma mekundu pekee. Wewe ungecheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa neno lile mara ya mwisho nililisikia shambani humu likitoka mdomoni mwa Babu. Mtoto wa rubeus alikwenda Ufaransa, Wafaransa na Wabelgiji wakampeleka Kongo, na leo amefika Ihanda katika kinywa cha kitukuu wa Isaka.

Nilimuuliza anajua nini kuhusu watu wetu. Alijua jina la Isaka. Alijua kwamba ni watu wa kahawa, mahali paitwapo Ihanda, ng'ambo ya Tunduma. Basi. Babu yake, ambaye angekuwa kaka yangu kama ningejaliwa kumwona, aliachwa na baba akiwa bado ananyonya, asingeweza kufundishwa kuacha la juu. Aliyekwenda mbali zaidi ndiye anayerudi na kichache zaidi. Nimempima Fiston kwa kile alichopewa, nikaona amekileta chote.

Na wewe ndiye uliyenisaidia kuliona hilo, Neema, kabla hujaanza kuigiza watu jikoni. Juzi nilikuomba unitafutie kwenye simu yako watoto wa rubeus, nione kama Babu aliwataja wote. Ukanipatia mwingine, huko Romania, anaitwa roib. Ukaniambia huyo hajui divai wala nywele, kazi yake ni kutaja rangi ya farasi tu, farasi wa kahawia inayoelekea wekundu. Nilikaa nikiwaza. Babu alikufa akidhani amewajua watoto wote wa neno lile. Kumbe palikuwa na mmoja mbali kabisa, amebaki na farasi wake tu, na bado ni mtoto wa mama yuleyule.

Kesho nikiulizwa, nitasema hivi. Mstari wa baba yangu nitaugawa. Nusu ya juu ibaki kwa baba yako na ninyi, nusu ya kijito apewe Fiston. Haumegwi mstari wa mtu mwingine, ni wangu, na nimeupalilia vya kutosha kujua ninachokitoa. Ninachokuomba wewe ni kitu kingine. Nenda ukalichukue lile jembe kuukuu nyuma ya mlango wa stoo, umpelekee wewe kwa mkono wako, umwonyeshe mpaka wa mstari, umfundishe kuchuma kama Tamali alivyonifundisha mimi. Na muulize maji yanaitwaje kwao.

Nasaha yangu ni hiyo, mwanangu. Mtu akija na maneno yaliyopinda, usikimbilie kucheka, uliza kwanza ametoka kwa nani na amepita wapi, kwa sababu safari ndiyo iliyoyapinda. Ukibaki nyumbani, shukuru, linda nyumba, lakini usijifanye mwenye mama peke yako. Na siku wewe ukiwa mgeni, maana dunia hii haitabiriki na leo Tunduma kesho Ndola, usinyamaze kwa haya. Sema kwa ulichonacho, jifunze kilichopo. Wazee walisema kawia ufike, hawakusema anayekawia afungiwe mlango.

Nilipomaliza na Fiston leo asubuhi nilimwambia la juu aliache. Akauliza, "Ya nani?" Nikamjibu kama nilivyojibiwa. Akatazama tunda lile muda mrefu, kisha akafuta macho kwa mkono wa shati, akasema ni ukungu. Ukungu ulikuwa umekwisha kuondoka. Bwana shamba asisikie, nitalichuma mwenyewe wiki ijayo kabla ya wadudu.

Mungu akupe macho ya kuwatambua wa kwenu hata wakija na nyuso ngeni. Akupe mikono ya kuchuma na moyo wa kuacha. Siku utakayowahi, ubakize. Na siku utakayochelewa, mjukuu wangu, ukute umebakiziwa.